Kishimo Kisichopaswa Kuwaka

"Umemwaga," fundi wa maabara alisema. "Kubali tu, shemeji, maisha yaendelee."

Mwalimu alikuwa ameinamia taa ya zambarau, miwani ya plastiki ikimbana masikio, akikodolea macho kipande cha jeli chenye ukubwa wa kiganja. Juu ya jeli kulikuwa na safu ya vishimo vidogo. Katika kishimo cha kwanza walikuwa wametia protini peke yake, bila DNA hata chembe. Rangi waliyotumia huwaka pale tu inapokutana na DNA, kwa hiyo kishimo hicho kilipaswa kuwa cheusi kama ndani ya buti.

Kilikuwa kinawaka.

Katika kishimo cha jirani, walimochanganya protini na DNA, mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. DNA ilikuwa imevutwa na umeme mpaka chini ya jeli kama kawaida yake, kana kwamba njiani haikukutana na mtu. Kama protini ingeishika, ingekwama juu.

"Sikumwaga," Mwalimu alisema.

"Dada huwa anasema ukimimina chai, meza ndiyo inayokunywa."

"Dada yako anasema mengi."

"Na yote kweli."

Fundi alikuwa mdogo wa mke wake. Nyumbani Mwalimu ndiye mkubwa, lakini humu maabara shemeji yake ndiye aliyekuwa na funguo, ndiye aliyejua mashine gani ina kiburi na friji gani haifungi vizuri. Mwalimu alikuwa amefundisha kemia sekondari mpaka nywele zikaingia mvi, ndipo akaamua kurudi chuo kutafuta shahada ya juu. Watu walicheka kidogo, wakazoea. Sasa alikuwa mwanafunzi mwenye tumbo na wajukuu, na kazi yake yote ilisimama juu ya protini moja.

Protini yenyewe asili yake ni kijidudu kinachoishi kwenye chemchemi za maji yanayotokota. Huko DNA ya kawaida ingefumuka, nyuzi zake mbili zikaachana kama zipu mbovu. Ya kijidudu hicho haifumuki, kwa sababu kina protini ndogondogo zinazoikumbatia DNA yake na kuibana. Mwalimu alitaka kuonyesha namna kumbatio hilo linavyofanyika. Mpaka sasa alichoonyesha ni kwamba halifanyiki.

Na muda ulikuwa umemwishia. Mama Profesa, msimamizi wake, alikwishasema bila kuzunguka: Ijumaa ikifika bila kuonekana protini imeshika DNA, kazi inafungwa. Jumatatu meza na mashine zinakwenda kwa watu wa chanjo za mifugo. Mwalimu angerudi nyumbani na miaka mitatu isiyokuwa na jina.

Lakini wakati huo hakuwa akifikiria hayo. Kilichomchoma ni kuambiwa amemwaga. Mkono wake haukuwa wa kumwaga. Kwenye chai, sawa. Kwenye kazi, hapana.

"Tunarudia," alisema. "Jeli mpya, sahani mpya, kila kitu kipya. Na wewe unakaa hapo unatazama."

"Nitazame nini?"

"Mkono wangu."

Fundi akavuta kigoda, akakaa na kukunja mikono kama mwamuzi. Mwalimu akatia protini kwenye kishimo kimoja, maji matupu kwenye kingine, akaacha nafasi pana katikati. Hakuna tone lililokwenda mahali pasipo pake, na fundi mwenyewe alikiri hilo, ingawa kwa shingo upande. Wakapitisha umeme. Walipowasha taa, kishimo cha maji kilikuwa giza totoro. Cha protini kiliwaka vilevile.

Fundi alisogea, akatazama tena.

"Haya," alisema taratibu. "Hukumwaga."

"Asante."

"Lakini basi imetoka wapi?"

Mwalimu alivua miwani, akajikuna pale ilipombana. Swali lilikuwa dogo, na jibu lilikuwa limekaa mbele yao muda wote wakilipita kama nguzo ya barazani.

"Protini hii tumeizalisha wapi?" aliuliza.

"Kwenye bakteria. Wale wa kawaida."

"Na bakteria ndani ana nini?"

"Ana DNA yake," fundi alisema.

"Sasa. Tumempeleka mkumbatia watu kwenye nyumba iliyojaa watu, halafu tunashangaa ametoka na mmoja kwapani."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akikumbuka wiki nzima nzima alizoilaumu protini ile kwa uvivu, kumbe ilishika tangu siku ya kwanza, ikashika sawasawa, ila ilishika kisichotakiwa. Ukiipa DNA mpya, haina mkono wa kuipokelea.

Kwa nini hawakuilazimisha iachie mapema? Kwa sababu ya upole. Kwenye maabara ile protini ilihesabiwa kama yai: ikipata joto, imeiva, hairudi tena. Kila kitu kilikaa kwenye barafu. Mwalimu naye aliilea ya kwake kama mgonjwa, akaiosha kwa maji ya baridi yenye chumvi kidogo tu, akiogopa kuiumiza. Ilihitaji kinyume chake. Ilihitaji chumvi kali, ili ile DNA ya bakteria iachie, na ilihitaji moto, ili protini za bakteria zilizong'ang'ania humo zigande zote na kutupwa.

Ila ilikuwa imebaki tyubu moja ya protini hiyo. Kuzalisha nyingine kungepita Ijumaa kwa mbali.

Alikwenda ofisini kwa Mama Profesa na picha ya jeli. Mama Profesa aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Chumvi sina ugomvi nayo," alisema. "Tatizo langu ni moto."

"Asili yake ni maji yanayotokota, Mama."

"Kinachotoka huko ni kijidudu. Hii yako imezaliwa kwa bakteria wa joto la mwili. Una hakika ilijikunja inavyotakiwa? Kama ilijikunja vibaya, ukiichemsha utapata uji mweupe."

Mwalimu alijua anasema kweli. Hakuwa na hakika.

"Nikichemsha nusu?"

"Nusu haitaonekana kwenye jeli. Unajua hilo." Alimrudishia picha. "Ningekuwa wewe, nisingechemsha. Lakini jina juu ya kazi ni lako. Usije ukasema nilikukataza, wala usiseme nilikuruhusu."

Mwalimu alirudi maabara, akasimama mbele ya ndoo ya barafu. Tyubu ilikuwa imechomekwa humo, mfuniko wake tu unaonekana. Aliwaza kuiacha. Angeweza kuandika kwamba protini ilionekana ikija na DNA ya bakteria, akaishia hapo. Ingekuwa kweli, na isingetosha.

Akaichomoa, akaipangusa, akaitumbukiza kwenye maji ya moto.

Fundi alikuja kusimama pembeni yake. Hapakupita muda mrefu, majimaji ndani ya tyubu yakaanza kufifia, yakawa na ukungu, kisha yakawa meupe kama maziwa.

"Shemeji," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Imeganda."

"Naona."

"Yote."

"Naona, bwana."

Mwalimu alitoa tyubu, akaiweka kwenye mashine ya kuzungusha, akasimama pale akisikiliza ikivuma. Walipofungua, uji mweupe ulikuwa umejibana chini kabisa. Juu yake kulikuwa na maji maangavu. Hayo yangeweza kuwa na protini yake, na yangeweza kuwa maji tu.

Alichukua tone moja, akalidondoshea kwenye dawa ya kahawia ya kupimia protini. Dawa ikageuka bluu: protini ilikuwemo.

Fundi alitoa pumzi. "Afadhali. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambiaje dada."

"Ungemwambia nini?"

"Kwamba umemwaga."

Safari hii Mwalimu alicheka.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya subira. Aliipitisha protini kwenye bomba la kioo lenye punje ndogo zinazoinasa, akaimwagia chumvi kali juu yake, na DNA ya bakteria ikaachia na kutoka kwa chini. Kisha akaibandua protini, akaitia kwenye mfuko wa kuchujia ili chumvi iishe. Ijumaa asubuhi akaichanganya na DNA yake, ikiwa motomoto safari hii, si kwenye barafu, akapitisha umeme kwenye jeli.

Mama Profesa aliitwa taa ikiwa imekwisha kuwashwa. Alivaa miwani ya plastiki juu ya miwani yake, akainama.

DNA iliyokuwa peke yake ilikuwa chini, mahali pake. Iliyochanganywa na protini ilikuwa imekwama juu, na kadiri protini ilivyoongezwa ndivyo ilivyokwama juu zaidi.

"Protini peke yake iko wapi?" aliuliza.

"Hapo mwanzo, Mama."

"Pana giza."

"Ndiyo, Mama."

Mama Profesa akavua miwani ya plastiki.

"Rudia," alisema akijinyoosha. "Jumatatu, kwa protini kidogo kidogo. Nataka kuona inaanzia wapi kushika."

Fundi alikohoa. "Jumatatu meza ni ya watu wa mifugo, Mama."

"Watafutie nyingine."

Fundi akachukua funguo zake, akaenda kutafuta meza.