Mkono Uliokatazwa Kupona

Mashine ya kukamua mkonge ilimsaga Josephat mkono wa kuume mwaka wa hamsini na nne, asubuhi, mbele ya wenzake wote. Vidole havikukatika. Daktari wa Voi alimshona, kisha akamwambia mkewe, Wakio, "Mkande kwa maji ya moto kila siku, umlazimishe kukunja ngumi. Akivumilia, baada ya miezi sita atashika panga."

Wakio alilishika neno hilo kama amri. Alimkanda asubuhi na jioni, mume akiuma meno, jasho likimtiririka. Wiki ya tano kidole gumba kiligusa cha shahada. Wakio alicheka peke yake jikoni.

Ndipo akaja Silvanus, karani wa shamba, mtu wa kwao Bura, akaketi nao uani.

"Kaka, nakwambia kwa uzuri tu," alisema. "Fidia hupimwa kwa ubovu. Siku ya kupimwa ukikunja ngumi, utapewa vijisenti. Mkono ukikauka, utalipwa vizuri. Na kwa hiyo miezi ya kukandwa hakuna atakayekupa hata ndururu."

"Akipona, kazi yake ipo?" Wakio aliuliza.

"Nafasi ilishajazwa, dada."

Tangu siku hiyo Josephat alikataa kukandwa. Aliufunga mkono kwa kitambaa, akaupakata kifuani. Wakio akamwaga beseni zima la maji ya moto mlangoni.

"Baba Dinah, unauza kiungo chako kingali hai?"

"Mimi nimewaza watoto watakula nini," alijibu bila kumtazama. "Wewe umewaza nini?"

Wakio aliokota beseni tupu, akaingia ndani.

Mwezi wa nane tangu ajali, Josephat alipimwa. Aliambiwa akunje ngumi. Vidole vikabaki wima kama vijiti, wala hakuwa akijifanya; mkono ulikuwa umekauka kweli. Alilipwa. Wiki hiyo hiyo wakatolewa kwenye nyumba ya kambi ya shamba, wakarudi Bura. Pesa zilinunua mabati na mbuzi wanne, zikaisha.

Msimu wa vuli uliofuata, Wakio alikuwa akilima, mume nyuma yake, kibuyu kikining'inia begani, akidondosha mbegu kwa mkono wa kushoto, Silvanus alipopita akiwa likizo, akawaamkia. Wakio aliacha jembe, akamfuata hadi njiani.

"Ulisema kweli tupu, karani. Ndiyo maana nashindwa kukusamehe. Mnajua kulipia kiungo kikifa, kikipona hamjui. Mngempa posho ya miezi sita na kazi nyepesi ya kupima mizigo, leo mngekuwa na mfanyakazi, na bwana wenu angetoa pungufu ya alichotoa."

"Mimi siandiki sheria, dada."

"Basi waandikie wanaoiandika. Kalamu unayo."

Silvanus akaenda zake. Wakio alirudi shambani, akampokonya Josephat kibuyu cha mbegu ili ampe jembe. Akautazama ule mkono mkavu, akamrudishia kibuyu, akaokota jembe mwenyewe, maana mistari ilikuwa bado mingi.