Kikohozi cha Sanamu

Ulimwengu mzima na utambue: mungu aliwasili mtaani Jumanne, saa nne kamili asubuhi. Angewasili saa mbili, ila gari la saruji alimolazwa lilipata pancha.

Mchongaji aliyemtoa jiweni kwa miezi kumi na minne alikaa kando yake, akikohoa. Walimwita Vumbi, kwani alichokohoa kilikuwa cheupe.

Siku tatu sanamu alilazwa hekaluni, ndani ya mchele, maumivu ya patasi yapoe. Siku ya nne kuhani akapanga mabakuli matano ya sadaka: maziwa, mtindi, samli, asali, sukari. Kazi ya mwisho ilikuwa ya Vumbi: amchore mboni kwa sindano ya dhahabu, kisha akwepe. Mungu anapofumbua macho hapaswi kuanza na mtu. Huwekewa kioo ajione mwenyewe, ndipo aone sadaka.

Siku hiyo kioo hakikuonekana.

"Endelea tu," kuhani alisema. "Saa njema haimngoji mtu."

Vumbi akachora. Alipotaka kukwepa, kikohozi kikambana palepale. Mungu akafumbua macho, akamwona yeye.

Kisha mungu akakohoa. Unga mweupe ukaangukia maziwa.

"Mchele ule ulikuwa na unyevu," alisema mwenyekiti wa hekalu. "Nilisema mimi."

Akaitwa daktari bingwa wa mapafu. Alimpima mungu kifua, akamwandikia dawa mara tatu kwa siku. Dawa ikatiwa bakulini, na mabakuli ya sadaka yakawa sita. Kila dozi, mungu alilisukuma bakuli la sita kwa kidole hadi ukingoni, upande wa mlango. Kila dozi, mwenyekiti alilirudisha.

Mlangoni aliketi Vumbi. Mboni zikishachorwa, mchongaji haingii tena ndani.

"Mzee, nionjeshwe na mimi hiyo dawa."

"Sadaka hiyo, ndugu yangu. Wewe kunywa maji moto," mwenyekiti alijibu.

Vumbi alifia kwenye ngazi Jumamosi. Mungu aliacha kukohoa saa ileile, na kamati ya hekalu ikamwandikia daktari barua ya shukrani.

Jana mke wa mwenyekiti, ambaye ni bibi yangu, alikung'uta godoro langu, kikadondoka kioo.

"Na hiki ndicho walichokufundisha huko bwenini?"

Ni mimi. Nilitaka tu kuona mungu atafanya nini akikosa kujiona. Kioo nimekirudisha. Mungu hukitazama kutwa, na ndani yake anaonekana Vumbi, amekaa mlangoni.

Kamati imeagiza kioo kingine.