Kesi ya Picha ya Kimeu

"Usifumbe macho, mzee. Ukifumba, serikali itafikiria umelala."

Mzee aliyekuwa akipigwa picha ya pasipoti akacheka, na Mbinya akabonyeza papo hapo, kabla kicheko hakijamtoka machoni. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Machakos, kati ya fundi viatu na muuza mitumba. Mlikuwa na shuka jeupe ukutani, kiti kimoja, na kamera aliyoinunua mkono wa pili baada ya kuuza cherehani ya marehemu mama yake. Filamu zilikuwa zimepanda bei tena, na kusafisha picha kulikuwa kumepanda pamoja nazo, lakini wateja hawakumkimbia. Alikuwa na mdomo mtamu, Mbinya huyu, na mtu akichekeshwa hutoka mzuri hata kama Mungu alimwumba kwa haraka.

Koplo Jeremiah alipochungulia ndani, Mbinya alidhani naye anataka picha.

"Beba hiyo kamera twende stesheni," akasema koplo. "Kuna mtu amekushtaki. Ati umeiba picha."

Fundi viatu akaacha sindano hewani. Mbuzi huibwa, nguo kwenye kamba huibwa. Picha huibwaje?

Mbinya akaichukua kamera. Alijua ni picha gani.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuwa amekuja mama mmoja kutoka upande wa Wamunyu, jina lake Wanza. Mumewe, Kimeu, alikuwa ameangukiwa na jiwe katika machimbo ya Mlolongo. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ndogo, imekunjika pembe: Kimeu kijana, amevaa koti la kuazima, amesimama mbele ya ndege iliyochorwa ukutani, mguu mmoja mbele kama anayetaka kuipanda. Mazishi yalikuwa keshokutwa. Jeneza likienda kaburini bila picha kubwa mbele yake, watu wangesema marehemu hakuwa na wenyewe. Wanza alikuwa ameanzia kwa Bwana Nzioka, mwenye studio kubwa iliyopiga picha hiyo zamani, akaambiwa negativu, zile filamu za kutolea picha, zililiwa na panya.

Mbinya aliigeuza ile picha, akauona muhuri mgongoni: *Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kunakili.* Aliuona vizuri. Akaigeuza tena upande wa Kimeu, akaiegemeza kwenye jua mlangoni, akaipiga, na kesho yake Kimeu akatoka mkubwa kama dirisha.

"Nikulipe nini?" Wanza aliuliza.

"Zika kwanza, mama. Utaniona ukijaliwa."

"Unaitwa nani wewe?"

"Mbinya."

Wanza akashika mdomo. Mbinya lilikuwa jina la mama yake mzazi. Tangu hapo akawa anamwita *mwaitu*, yaani mama yangu, kama Wakamba wanavyomwita yeyote aliyebeba jina la mama, ingawa Mbinya alikuwa rika la kitindamimba wake. Mazishi yalipokwisha alirudi na kuku mwekundu kwapani, miguu imefungwa. Mbinya akampokea kuku. Na Bwana Nzioka, aliyehudhuria mazishi kwa heshima ya kanisa, alikuwa ameiona ndege ya studio yake mbele ya jeneza.

Stesheni walimkuta Nzioka ameketi, kalamu mbili mfukoni. Wanza naye alikuwa ameitwa. Alikaa kwenye benchi, fremu ya mumewe mapajani, imefungwa kwa leso.

"Mimi sina ubaya na huyu msichana," Nzioka akasema, na kwa haki alisema kweli. "Lakini hiyo ni jasho yangu. Kila mtu akikopi kazi yangu, si nifunge studio?"

Koplo akafungua kitabu cha malalamiko.

"Skiza, Mbinya. Kuna sheria mpya. Kama ulimfanyia bure, hiyo ni maneno yako na Nzioka, aende korti akudai mwenyewe. Lakini kama uliuza, hiyo ni jinai. Nakuweka ndani, na hiyo kamera inaenda kabisa." Akamgeukia Wanza. "Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Usinidanganye. Ulimlipa?"

Mbinya aliangalia sakafu. Alimpenda mama huyu, na alijua hasemi uongo. Kuku ni kuku.

"Nilimpelekea kuku," akasema Wanza.

"Haya!" Nzioka akapiga goti lake.

Koplo akaanza kuandika. "Kwa hivyo ulimlipa na kuku."

"Nimesema nilimpelekea. Huyu ni mama yangu. Ako na jina ya mama yangu. Wewe koplo, ukienda kuona mama yako unaenda mikono mitupu?"

Kalamu ikasimama.

"Unambebea nini?" Wanza akauliza.

"Sukari," koplo akajibu kabla hajajizuia. "Na mkate."

"Na yeye akikupikia chai, huwa amekuuzia?"

Askari kijana aliyekuwa mlangoni akaugeukia ukuta, akacheka. Mama yake Nzioka pia alikuwa hai, na kila mwezi alimpelekea unga. Koplo akakata mstari aliouandika.

"Sawa. Hakuna jinai hapa. Nzioka, kama unataka, enda korti."

Nzioka akatoka bila kuaga. Mbinya akanyoosha mkono kuchukua kamera mezani, na mkono wa koplo ukawa umefika kwanza.

"Hii inabaki kidogo. Uchunguzi." Akashusha sauti. "Unajua vile mambo huenda. Kuja jioni, tuongee."

"Lakini umesema hakuna kesi! Nitafanya kazi na nini, afande?"

"Si nimekwambia kuja jioni?"

Kesi ameshinda, na bado anatoka mikono mitupu! Mbinya akamshika Wanza kiwiko amwinue waende.

Wanza hakuinuka. Alifungua leso, akamtoa Kimeu, akamwegemeza kwenye kaunta, uso ukimwelekea koplo. Kisha akavua viatu, akavipanga chini ya benchi.

"Mama, enda nyumbani," akasema koplo. "Gari za Wamunyu zitakuacha."

"Mimi nimeshazika, koplo. Sina haraka ya kwenda popote. Tutaondoka na kamera ya mwaitu."

Mbinya akaketi kando yake.