Kocha Aliyepunguza Mafumbo

Kocha hakumaliza sentensi mbili bila kutia msemo. Mazoea hayo aliyapata uwanjani, alikofundisha mpira tangu ujana, na alipogeukia kuwaandaa vijana wenye usonji kwa vyuo na kazi, alihama na misemo yake yote. Hakuna aliyelalamika, mpaka alipokuja binti ambaye kwao walimwita Fundi, kwa kuwa tangu utotoni alifungua kila chenye skrubu.

Fundi alitaka kusomea ufundi wa lifti, basi. Chuo kilikuwa kimemwita kwenye usaili.

"Kaza buti, binti yangu," Kocha alimwambia walipoanza mazoezi.

Fundi aliitazama miguu yake. "Nimevaa ndala, Kocha."

"Namaanisha upige moyo konde."

"Nikijipiga nitaumia."

Mama yake, aliyeketi kando, alicheka hadi akashika mbavu. Kocha alicheka shingo upande.

"Haya, nitazame machoni unapojibu."

"Nikikutazama machoni, maneno yako yananipita. Unataka nikutazame au nikusikie?"

Kocha alirudi nyumbani amenywea. Kumbe muda wote alikuwa akimfundisha mtoto wa watu kuigiza mtu mwingine! Kesho yake alikuja na somo jingine.

"Usipoelewa, sema hujaelewa. Kitu kikikukera, kitafutie dawa."

"Dawa ya hospitali?"

"La! Sema kinachokukera, uombe kiondolewe. Nisamehe, mwanangu, ulimi umezoea."

Siku ya usaili, Kocha na mama mtu waliruhusiwa kukaa nyuma. Taa ndefu ya darini ilikuwa ikivuma kama nyuki. Fundi aliziba sikio moja.

"Shikamoo. Samahani, taa hiyo inaniumiza masikio. Naomba izimwe."

Mkuu wa chuo, mama wa makamo mwenye miwani, aliinuka akaizima mwenyewe. "Afadhali! Mimi nilidhani ni kichwa changu kinachovuma."

Mwalimu wa karakana akadakia, "Binti, masomo ya hapa ni mlima. Utaupanda?"

"Sikuona mlima wakati nakuja."

Mwalimu aliangua kicheko. Fundi alingoja kicheko kiishe, kisha akasema taratibu, "Nadhani sijaelewa. Naomba uniulize moja kwa moja."

"Haya. Masomo ni magumu. Yakikushinda utafanyaje?"

"Nitaomba nionyeshwe tena kwa vitendo. Nikishika kitu kwa mikono sikisahau. Kelele zikinizidi nitatoka nje kidogo, kisha nitarudi. Mimi hurudi."

"Na kwa nini lifti?" aliuliza mkuu.

"Bibi yangu anakaa ghorofa ya juu kabisa. Lifti yao imeharibika, na magoti yake hayawezi ngazi. Nataka ashuke, akakae uani na wenzake."

Mwalimu aliacha kutabasamu. Alivuta kiti chake karibu na meza, wakaanza kuzungumzia nyaya, breki na milango, mpaka mkuu akawakumbusha kuwa kuna wengine wanasubiri.

Siku chache baadaye, simu ya chuo iliwakuta wote watatu sebuleni kwa kina Fundi. Fundi alisikiliza, akashukuru, akaikata.

"Nimekubaliwa. Mwalimu wa karakana amesema nije na viatu vigumu."

Mama yake alifungua kinywa apige vigelegele, akamwona binti tayari ameinua mikono kuziba masikio. Akanyakua mto wa kochi, akauzika uso wake humo, akavipiga vyote ndani ya pamba huku mabega yakimcheza. Kocha, asiye na mto, alicheza kimyakimya katikati ya sebule.

"Unacheza vibaya," Fundi alimwambia, akainuka kumwonyesha.