Laini ya Meneja

"Mtandao, mtandao! Gasper, mtandao ndio uliomzika mama yangu bila mimi?"

Shadia alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ua, pale michongoma ilipokufa, ndala moja mguuni, ya pili sijui kaiacha wapi. Gasper alikuwa upande wa pili, uani kwake, anafuta pikipiki iliyokwisha kung'aa zamani.

"Mama Ismaili, pole. Nimeshasema pole."

"Pole nimezipata, zimejaa nyumba. Nataka maneno."

Hapa Katubuka ugomvi ukianza hatufungi madirisha, tunafungua. Mimi nilitoka na ungo wangu wa mchele, nikaendelea kupepeta hapo hapo nje. Wanawake waliojaa kwa Shadia kwa ajili ya hitima nao wakasogea mlangoni, kila mmoja akijidai anatafuta upepo.

Habari yenyewe wote tulikuwa nayo. Mama yake alifariki alfajiri huko Buhingu, na sisi Waislamu hatulazi maiti. Siku hiyo boti ilikuwa moja tu, ya asubuhi, kutoka mwalo wa Ujiji. Simu ya msiba ilimkuta Shadia sokoni Gungu. Akaingia mbio kwenye ofisi ya kampuni ya boti, akamwambia Wema wa tiketi: wapigie wa mwaloni wanisubiri. Boti husubiri. Imeshasubiri maharusi, imeshasubiri magunia ya wakubwa. Wema akabonyeza simu ya mezani. Tii-tii-tii. Akarudia. Tii-tii-tii. Simu za mkononi za makarani, wa Gungu na wa mwaloni, hufungiwa kwenye droo kwa amri ya meneja, eti wanauziana viti kwa mlango wa nyuma. Shadia akarukia bodaboda mpaka Ujiji. Alikuta povu la injini.

Kisha meneja mwenyewe, Feliksi, akaja msibani na katoni ya maji ya chupa, akatuambia mtandao ulisumbua. Gasper, ambaye ndiye fundi wa simu wa kampuni hiyo, alikaa kando yake anatikisa kichwa kukubali. Shadia alikuwa analia, lakini kile kichwa alikiona.

"Mimi simu sijaisomea," alisema sasa, sauti imeshuka, "ila mtandao mbovu naujua. Kaka yangu akipiga toka Buhingu, sauti inazama, inaibuka, inakatikakatika. Ile haikukatika. Ilikataa. Hata kuita haikuita. Kama vile kuna mtu kakaa mlangoni anasema, wewe hapana. Ni nani huyo, Gasper?"

Regina, mkewe Gasper, akaita toka kwenye kamba ya nguo. "Baba Elida, ingia ndani. Kazi tuliyonayo ni hiyo hiyo moja."

"Mwache mwanaume aseme!" akadakia mmoja mlangoni. "Pikipiki imeshatakata hiyo, itatoboka."

Gasper akakunja kitambaa. "Ni mimi," akasema.

Ungo wangu ukasimama.

"Njia ya redio inayobeba simu za ofisi kati ya Gungu na Ujiji ni nyembamba. Simu zikijaa, wote mnasikia mikwaruzo, hakuna anayeelewa kitu. Kwa hiyo niliweka kikomo. Ziingie mbili, inayofuata ikataliwe kabla haijaita, ili zilizo ndani zisikike. Ni kawaida, kila mahali wanafanya hivyo."

"Kwa hiyo watu wawili walikuwa wanaongea."

Hapo angesema ndiyo, yangekwisha. Neno moja tu. Shadia angelia, angekwenda zake, na Gasper angeamkia kazini kama kawaida. Nilimwona analitafuna lile neno.

"Mmoja," akasema. "Dismasi wa stoo. Alikuwa anawaulizia saruji watu wa mwaloni, na unamjua Dismasi kwa salamu: mwakeye, mke je, watoto je, mbuzi je."

"Na wa pili?"

"Hakuna. Ya pili ni laini ya meneja. Aliniagiza nimtengee, asije akapiga akakuta pamejaa. Nikamwambia, bosi, zenyewe mbili tu. Akasema weka. Nikaweka."

"Alikuwa anaitumia?"

"Alikuwa kwa kinyozi. Nilimpeleka mimi."

Mlangoni mtu akacheka, kile kicheko kinachotoka bila ruhusa, kisha akajiziba mdomo na khanga.

"Kwa hiyo nafasi ilikuwepo," Shadia alisema.

"Ilikuwepo."

"Na hiyo laini ya meneja umeshaitoa?"

"Bado." Hakumtazama. "Nikiitoa, ananitoa."

Regina akaanza kuanua nguo, hata zile mbichi. Alikuwa na akili kuliko sisi sote. Kati ya wale wanawake wa mlangoni alikuwemo shemeji wa dereva wa Feliksi, nami nilimwona kwa macho yangu anatafuta viatu vyake taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Hakuna aliyemzuia. Ningekuwa na viatu karibu, sijui kama nisingemfuata nikasikie atakavyoanza kusimulia.

Nilidhani Shadia atapasuka. Hakupasuka. Alisimama pale kwenye upenyo akimtazama Gasper, na uso wake haukuwa na shukrani wala ghadhabu. Ulikuwa umechoka tu. Maneno alikuwa ameyapata. Kaburi limeshafunikwa, na hajui hata liko upande gani wa migomba ya kwao.

"Mlikula mchana?" akauliza.

"Hapana," Gasper akajibu.

"Ingieni basi mle. Mwite na mkeo. Wali upo, samaki wa migebuka kwa mawese wapo. Kuleni leo, Gasper, kesho Feliksi akishapata habari sijui kama kitapita kitu kooni."