Nyeusi ya Mile

Barua kutoka ofisi ya Papa ilisema Malkia Violanta aje Jumatano saa tano asubuhi, "akiwa katika vazi linalomstahili kwa desturi." Maneno hayo machache ndiyo yaliyowaponza.

Mfalme Matija aliyasoma kitandani, koti la jeshi juu ya blanketi, maana mapafu yake yalikuwa yamekwisha na mwenye nyumba hakuwasha tena joto. Aliyasoma mara mbili, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu habari za mwanawe zifike Roma.

"Mmeona? Hawajatusahau. Vazi linalomstahili malkia ni nyeupe. Toeni nyeupe."

Mbele ya Papa, nyeupe ni haki ya wanawake wachache sana duniani, malkia wa Kikatoliki basi. Wengine wote, awe mke wa rais au mke wa mwenye mabenki, ni nyeusi kuanzia utosini mpaka kifundoni. Violanta aliivaa mara moja, mwaka ule aliomzaa Andrija. Hakuna mtu nyumbani mle aliyewahi kuwaza kwamba haki hiyo huondoka pamoja na kiti cha enzi.

Yaya Stana aliitoa sandukuni, akaikung'uta, akaipunguza kiunoni vidole vinne kila upande. Yeye rangi haikumshughulisha. Kilichomshughulisha ni kwamba Ijumaa alfajiri Andrija angesimamishwa ukutani apigwe risasi. Kijana alikuwa amevuka mpaka usiku wa kwanza wa theluji, akidhani nchi itainuka akionekana. Nchi haikuinuka. Mwokaji mikate alimtambua kwa sauti, akaenda kituoni kusema, na mahakama ikamaliza kazi yake kwa siku moja. Serikali mpya haikumsikiliza balozi yeyote. Aliyebaki ni Papa, maana hata wale waliomfukuza mfalme walikuwa bado wanabatiza watoto wao. Na Andrija ni Stana aliyemnyonyesha. Aliletwa ikulu kwa kazi hiyo akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo hakuondoka.

Jumatano, saa tano kasorobo, Violanta na Stana walikuwa ndani kwa Papa, katika chumba kidogo cha kungojea chenye kuta za kitambaa chekundu. Mpokea wageni, mzee aliyeitwa Kavalieri Prospero, aliingia na karatasi yake mkononi, suti nyeusi ya kale, mkufu kifuani na kola ya marinda shingoni. Alimwona Violanta, akasimama.

"Mama," alisema taratibu, "nani amekuambia uje na nyeupe?"

"Barua yenu."

Kavalieri aliichukua, akaisoma, akaikunja. "Linalomstahili kwa desturi. Ndiyo. Kwa asiye na kiti, linalomstahili ni nyeusi. Aliyeandika alidhani mtaelewa."

"Mfalme wangu yuko hai," Violanta alisema.

"Mungu amzidishie. Lakini ukipita mlango ule na nyeupe, balozi wa kwenu atajua kabla ya chakula cha mchana. Atasema Papa amemtambua mfalme. Na huyo kijana wako watampiga risasi hata Ijumaa wasiingoje." Akatazama saa yake. "Nimewaona wake wa marais watatu wakizimia kwenye zulia hili. Wote walizimia na nyeusi. Siwezi kukupitisha, mama. Saa tano na robo anaingia askofu wa Wahispania, na baada yake hakuna nafasi wiki hii."

Stana alisogea mbele. "Baba, sheria zote hizi, na wewe mwenyewe umevaa sahani shingoni. Tuazime nguo. Nyumba yote hii haikosi nguo nyeusi."

"Za makasisi, bibi. Unataka aingie na kanzu ya kasisi?"

"Hata ya shetani, akiwa nayo."

Kavalieri alikohoa, akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo. "Dakika kumi," alisema.

Stana akamgeukia Violanta, akaanza kulegeza pini za kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, cheusi kama nguo yake yote. Violanta akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Usithubutu, Yaya. Unajua kwetu nyeusi maana yake nini."

Stana alijua. Kule kwao milimani, mwanamke mwenye mtoto hai hagusi nguo nyeusi. Hata mumewe akifa anavaa ya kahawia. Akivaa nyeusi amekwisha kumzika mtoto kwa mkono wake, na kifo kitamfuata mtoto popote alipo, awe baharini, awe vitani. Mke wa mkata kuni mmoja alijaribu vazi la dada yake mbele ya kioo, kwa mzaha tu, na wanakijiji walimnyooshea kidole mpaka anazeeka. Stana mwenyewe angemzuia mwanamke yeyote kwa makofi. Sasa alichomoa pini ya kwanza, akaishika kiganjani.

"Usipoingia, Ijumaa wanampiga," alisema.

"Nikiingia na hiyo nimempiga mimi."

"Malkia wangu."

"Usiniite hivyo, hujamsikia babu yule? Sina kiti. Nina mtoto mmoja, na mnataka nimvalie matanga nikamwombee uhai. Nani anamwombea mtu uhai huku amevaa kifo chake? Nitaingia na shimizi kwanza."

"Na shimizi hupiti," Kavalieri alisema bila kugeuka. "Dakika nane."

Violanta alichuchumaa palepale ukutani, nyeupe yote ikakunjamana sakafuni. Hakulia. Alikuwa akijipiga ngumi gotini, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Stana alipiga magoti mbele yake.

"Nisikilize. Hii si nyeusi ya Andrija. Hii ina mtu wake."

"Mtu gani?"

"Mile."

Violanta alimtazama.

"Mwanangu," Stana alisema. "Mliponichukua alikuwa na miezi mitatu. Daktari wenu alisema maziwa yasigawanywe, ya mtoto wa mfalme yawe ya mtoto wa mfalme. Mile akaachwa kwa mama yangu na maziwa ya mbuzi. Hakumaliza majira ya baridi. Niliivaa siku ileile, ikichakaa nashona nyingine, na sijaivua miaka ishirini na saba."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Uliiona, ukaona haya, ukageuza macho." Alisema bila uchungu, kwa haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia huku treni inaondoka. "Si mazungumzo ya leo. Ninachokuambia ni kwamba nguo hii imeshapata maiti wake. Haitafuti mwingine. Ukiivaa unamlilia Mile, hutamgusa Andrija. Kuna ubaya gani ukimlilia Mile robo saa? Maziwa yake yamo ndani ya Andrija."

Violanta aliacha kujipiga goti. "Una uhakika?"

Stana hakuwa na uhakika wowote. Hakuna aliyewahi kuuliza jambo hilo kule milimani, wala yeye hakuwahi kusikia mama wa mtoto hai akiazima nyeusi ya mwenzake. Alikuwa amelizua pale pale, magotini, juu ya zulia.

"Nina uhakika," alisema. "Inuka."

Zikabaki dakika tano. Nguo ya Stana ilikuwa pana kwa Violanta na fupi. Vifundo vilionekana, na viatu vyeupe vikapiga kelele chini yake. Stana akavua vyake. Vilikuwa vikubwa, wakavijaza glovu nyeupe za Violanta, moja kila kiatu. Kitambaa cha kichwani kikawa shela. Kavalieri, bado anatazama mlango, alinyoosha mkono nyuma akampa Stana joho lake fupi, naye akajifunika juu ya shimizi, akakaa kwenye kiti, nyeupe ya malkia ikiwa mapajani.

"Anaonekanaje?" Kavalieri aliuliza.

"Kama mpishi," Stana alisema.

"Vizuri. Wapishi wanapita." Akafungua mlango.

Stana hakuweza kusali. Kila alipoanza, aliona shingo yake mwenyewe iko wazi, mikono iko wazi, na alihisi Mile amebaki nje kwenye baridi bila mtu wa kumlilia. Akajisemea, robo saa tu, mwanangu, nimemwazima, anarudisha. Kisha akaogopa kwamba mtoto mchanga hajui robo saa ni nini. Akaogopa zaidi kwamba amedanganya, na kwamba huko ng'ambo ya bahari, katika seli asiyoijua, Andrija ameinua kichwa kama aliyeitwa. Vidole vyake vilikuwa vinachuna uzi mmoja wa nguo nyeupe, akauchuna mpaka pindo zima likaachia.

Mlango ulipofunguka, Violanta alitoka akitembea kwa kuburuta viatu. Alikaa. Kavalieri alifunga mlango, akaondoka kumwita askofu.

"Kasemaje?" Stana aliuliza.

"Ameniuliza, namlilia nani."

"Ukasema?"

"Nikasema Mile. Nikamweleza, yote, na ya maziwa. Ndipo nikamwambia kuhusu Andrija. Kisha akasema atapeleka telegramu mchana huu, kwa mkono wake."

"Na wao? Watasikia?"

"Hilo hakusema." Violanta aliegemeza kichwa ukutani, akajikumbatia ndani ya mikono mipana ya nguo nyeusi. Alikuwa amechoka mno, uso umetulia, na Stana aliona jinsi nguo ilivyoanza kumkaa mabegani kama ilikuwa yake siku zote. "Niache nayo mpaka nyumbani. Nje watanitazama na nyeupe."

Stana alikwisha simama. Joho lilianguka, hakuliokota.

"Vua," alisema.

"Kuna watu wanakuja."

"Wanione. Vua, Malkia wangu, upesi, kabla haijakuzoea," na akaanza kuvuta vifungo vya mgongoni, cha kwanza, cha pili, na cha tatu kikakataa.