Chumba cha Stuli Mbili

Karakana ya milango ilikuwa ya ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa alipokea wateja na kusimamia kazi. Wafanyakazi walimwita Mchungaji, ingawa hakuna kanisa lililowahi kumwekea mikono, kwa sababu sala yake ya asubuhi ilikuwa ndefu. Mdogo aliitwa Randa. Yeye ndiye aliyechagua mbao: aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akaupokea au akaurudisha.

Tangu mwanzo walikubaliana kuiendesha kazi kwa Biblia, na hawakuishia kubandika aya ukutani. Jumapili mashine zilizimwa hata mteja alie. Na kwa ajili ya ugomvi walijenga, nyuma ya stoo, chumba kidogo chenye mlango mzito na stuli mbili. Injili inaagiza kwamba ndugu akikukosea, umwendee kwanza mkiwa wawili tu. Mashahidi baadaye, kanisa mwisho. Ndiyo maana stuli ya tatu haikuwekwa. Fundi wa vanishi alipenda kusema kwamba chumba kile kimesikia kesi nyingi kuliko mahakama, na hakijawahi kumfunga mtu.

Jioni moja msimamizi wa ujenzi wa zahanati alipiga simu. Milango kadhaa waliyopeleka ilikuwa imepinda na haifungi. Mchungaji alilala na hasira. Asubuhi alimkuta Randa akinoa patasi, na chumba kilikuwa wazi, lakini hakumwita. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuizunguka meza, wameinamisha vichwa. Akaanza kusali.

"Tena, Baba, mguse ndugu yetu mmoja hapa, mwenye haraka kuliko kazi yenyewe, anayetuletea mbao mbichi na kutuaibisha mbele ya watu."

Wakaitikia amina kwa mazoea. Kisha wakakumbuka kwamba mchagua mbao ni mmoja tu.

Randa alikuwa amefumbua macho. Alichomoa penseli sikioni, akaiweka mezani.

"Kaka, stuli yangu imevunjika?"

"Sikumtaja mtu."

"Kweli hukunitaja. Umeninyooshea kidole huku umefumba macho."

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

"Mchungaji," fundi wa vanishi alisema, "leo tumetoa pepo au tumetoa fundi?"

Hakuna aliyecheka.

Siku hiyohiyo Mchungaji alikwenda zahanati. Milango iliyofungwa kwenye fremu mara ilipofika ilikuwa imenyooka na ilifunga vizuri. Iliyopinda ni ile iliyolazwa juu ya sakafu mbichi ya saruji, ikanywa unyevu upande mmoja. Mbao zilikuwa zilezile.

"Mdogo wako alipita hapa akatukataza kuilaza chini," msimamizi alikiri. "Tukamtania, tukamwambia, fundi, unailea hii milango kama mapacha."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulisema utashughulika naye, ukakata."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wake. Mlango ulifunguliwa na shemeji yake.

"Karibu, shemeji. Yuko uani." Hakumtazama usoni.

Randa alikuwa akikaza mguu wa kitanda cha mtoto. Hakuacha kazi.

"Nimekuja peke yangu," Mchungaji alisema.

"Naona. Ungekuja hivi asubuhi."

"Mbao zilikuwa kavu. Nimeona mwenyewe. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimeshakusamehe, kaka. Hilo tumeamriwa, sina ubishi nalo."

"Basi kesho tuonane kazini."

Randa aliutikisa mguu wa kitanda. Haukucheza.

"Kurudi ni jambo jingine. Pale tunaanza kwa sala. Kila ukifumba macho, mimi nitafumbua yangu nione leo unamsema nani. Hiyo si sala tena."

"Nitawaambia wote kwamba kosa lilikuwa langu."

"Waambie. Ila usiwaambie kwa kumwambia Mungu."

Asubuhi iliyofuata wafanyakazi waliinamisha vichwa kama kawaida. Mchungaji alianza, "Baba, tunakushukuru kwa ajili ya ndugu yetu..." akanyamaza. Akafumbua macho, akasubiri hadi wao nao wakafumbua yao.

"Mbao za zahanati zilikuwa kavu," alisema. "Nilimsingizia Randa, tena mbele yenu, kabla ya kumuuliza."

Hawakujua waitikie nini, kwa kuwa haikuwa sala.

"Tumesikia," fundi wa vanishi alisema mwishowe. "Na yeye, anarudi?"

"Harudi."

Kabla ya adhuhuri lori la mbao liliingia. Dereva alishusha, kisha akasimama kando akimsubiri mtu wa kuchagua. Mchungaji aliukaribia ubao wa kwanza, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga wa pili. Sauti zilikuwa mbili tofauti, na hakujua ipi ndiyo ya mbao kavu.